Kulehemu Vyuma kwa Kanuni za Nchi Mbalimbali

Katika karakana za Gerezani mjini Dar es Salaam, na kadhalika katika zile za Kamukunji mjini Nairobi, ambako tangu asubuhi hata magharibi husikika mlio wa nyundo na huonekana mmweko wa weldi, si ajabu kukuta juu ya meza moja boksi la rodi lililotoka China, mchoro wa mhandisi aliyesomea Ujerumani, na kitabu cha mafunzo kilichopigwa chapa Marekani, na kando ya meza hiyo mtungi wa gesi uliopakwa rangi kwa desturi ya Kiingereza. Na fundi asimamaye hapo, ambaye pengine alijifunza kazi kwa kumtazama fundi mkuu wake kuliko kwa kusoma, hutakiwa avitumie vyote hivyo katika kazi moja itakayobeba uzito wa paa, au wa tangi la maji, au wa tela la lori.

Chuma chenyewe hakijui mipaka ya dola. Umeme unaporuka baina ya ncha ya rodi na bamba huzaa joto la maelfu ya nyuzi, na chuma huyeyuka, hufanya dimbwi dogo, kisha huganda na kuwa kitu kimoja, sawasawa ikiwa kazi yafanywa Tanga, Hamburg au Osaka. Lakini majina ambayo binadamu wameipa kazi hii, namba walizozichapa juu ya rodi, alama wanazozitia katika michoro, rangi wanazoipaka mitungi, na vyeti wanavyowapa mafundi, hayo yote yanatofautiana baina ya nchi na nchi, na aghalabu alama ile ile ina maana hii huku na maana nyingine kule. Mwenye kulifahamu jambo hili yu salama. Asiyelifahamu aweza kufanya kazi kwa bidii na uaminifu wote, na kazi hiyo ikawa dhaifu kuliko ilivyotakiwa, pasi na yeye kujua wala aliyemlipa kujua.

Tofauti zilikotoka

Ulehemu wa umeme haukuvumbuliwa na mtu mmoja katika nchi moja. Nikolai Benardos, mzaliwa wa dola ya Urusi ya zamani, ndiye aliyeonyesha mwaka 1881 namna ya kuyeyusha chuma kwa moto wa umeme utokao katika kijiti cha kaboni. Mwaka 1888 Mrusi mwenziwe, Nikolai Slavyanov, akaweka rodi ya chuma mahali pa kaboni ili rodi yenyewe iyeyuke na kuujaza mshono. Charles Coffin akapata hataza ya njia kama hiyo huko Marekani mwaka 1890. Na mwanzoni mwa karne ya 20 Oscar Kjellberg wa Sweden akaivika rodi ganda la madini, ambalo linapoungua hutoa moshi wa kukikinga chuma kilichoyeyuka kisiguswe na hewa. Basi kila taifa lilipoipokea sanaa hii lilikuwa tayari lina vipimo vyake viwandani, likaipima kwa hivyo: Wamarekani kwa ratili na inchi, Warusi na Wachina kwa kilo na milimita, na nchi za Ulaya Magharibi, hatimaye, kwa nyutoni.

Majina nayo yakafuata mkondo huo huo. Kazi ya kulehemu kwa rodi, ambayo mafundi wetu huiita weldi ya umeme, Mwingereza huiandika MMA na Mmarekani huiandika SMAW, na katika kanuni za kimataifa imepewa namba 111 ili isihitaji lugha yoyote. Kazi ya waya na gesi Mmarekani huiita GMAW bila kujali gesi iliyotumika, ilhali Ulaya huigawa mafungu mawili: MIG, yenye namba 131, ambayo gesi yake haichangamani na chuma, mathalani argoni, na MAG, yenye namba 135, ambayo gesi yake hutenda kazi ndani ya moto, mathalani kabonidioksidi. Kazi ya kijiti cha tangisteni Mwingereza huiita TIG, na Mjerumani huiita WIG kwa kuwa madini hayo kwake ni wolfram. Na Wamarekani wa miaka ya 1940 waliiita Heliarc, kwa sababu nchi yao ilijaliwa heliamu kwa wingi na ndiyo gesi waliyoanza nayo. Fundi akiyasikia majina haya matatu asidhani kuwa ni sanaa tatu.

Lakini zaidi ya vipimo na lugha, kanuni za ulehemu ziliandikwa kwa misiba. Tarehe 20 Machi 1905, katika mji wa Brockton, jimbo la Massachusetts, boila la kiwanda cha viatu lililipuka, na watu 58 wakafariki. Na kutokana na msiba huo na mingine ya jinsi yake, Wamarekani wakatunga kanuni ya maboila ya ASME, iliyotoka kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1914 na 1915, ambayo hata leo ina sehemu yake ya tisa inayohusu mitihani ya walehemu. Mwaka 1938 daraja la kulehemu la Hasselt nchini Ubelgiji, lililovuka mfereji wa Albert, lilivunjika na kuanguka majini. Na usiku wa tarehe 16 Januari 1943, meli mpya ya mafuta iitwayo Schenectady, iliyokuwa imefungwa gatini huko Portland, Oregon, katika maji yaliyotulia, ilipasuka karibu vipande viwili kwa mlio mkubwa, bila ya dhoruba wala mgongano. Uchunguzi wa meli hiyo na nyingine za wakati huo wa vita ulidhihirisha kwamba chuma chenye nguvu nyingi katika joto chaweza kuwa chepesi kuvunjika katika baridi, na kwamba katika meli iliyolehemiwa mwili mzima ufa ukianza haukuti mahali pa kukomea. Tangu hapo mataifa yalianza kuuliza juu ya kila rodi suali la pili, baada ya lile la nguvu: mshono wake utastahimili pigo la ghafla katika baridi ya kiasi gani? Na kila taifa lilijiwekea jibu lake.

Namba 42 na namba 60

Mfano ulio bayana kuliko yote umo katika namba zilizochapwa juu ya rodi. Fundi akishika rodi ya Kimarekani iliyoandikwa E6013, ambayo ni maarufu katika karakana zetu, anapaswa kuzisoma tarakimu zake kwa mafungu. Tarakimu mbili za mwanzo, yaani 60, maana yake ni kwamba chuma cha mshono hakitakatika mpaka kivutwe kwa nguvu ya ratili 60,000 kwa kila inchi ya mraba. Tarakimu ya tatu, 1, ni idhini ya kuitumia rodi hiyo katika kila mkao, ikiwa kazi imelala, imesimama, au iko juu ya kichwa cha fundi. Na ya mwisho, ikisomwa pamoja na ya tatu, yaeleza aina ya ganda na aina ya umeme. Kwa kaida hiyo hiyo E7018 ni rodi ya ratili 70,000, yenye ganda la jinsi nyingine, ambayo yapasa kutunzwa mahali pakavu mno, kwa sababu unyevu wake huingiza haidrojeni katika mshono, na haidrojeni huzaa nyufa zinazojitokeza baada ya kazi kupoa.

Sasa na tuchukue rodi ya Kirusi iliyoandikwa E42. Hapa hesabu ni ya kilo kwa kila milimita ya mraba, na kinachopimwa ni nguvu ile ile ya kukatika. Ukizigeuza kilo 42 kwa milimita ya mraba kuwa ratili kwa inchi ya mraba utapata 60,000 kasoro kidogo. Kwa hiyo 42 ya Mrusi na 60 ya Mmarekani, ingawa machoni hazifanani hata kidogo, kwa nguvu ni sawa. Na rodi ya Kichina iitwayo J422 imo katika daraja hiyo hiyo, kwani 42 yake nayo ni kilo 42 za nguvu ya kukatika.

Kisha fundi huyo huyo aletewe rodi ya Ulaya iliyoandikwa E 42 4 B. Akili yake itamwambia kwamba hii ni ndugu ya ile ya Mrusi, maadamu namba ni moja. Na hapo ndipo atakapokosea. Chuma chochote kikivutwa hupitia hatua mbili: kwanza hunyooka kidogo na kikiachwa hurudi kilivyokuwa, mpaka kifike kiasi ambacho kikivutwa zaidi hakirudi tena, halafu, kikizidi kuvutwa, hukatika. Mmarekani, Mrusi na Mchina wameandika juu ya rodi zao kiasi cha hatua ya pili, cha kukatika. Ulaya imeandika kiasi cha hatua ya kwanza, cha kutorudi, ambacho siku zote ni kidogo kuliko kile cha pili, na 42 yake ni nyutoni 420 kwa milimita ya mraba. Rodi hiyo ya Ulaya haitakatika kabla ya kufikia nyutoni 500. Yaani, jamaa yake wa kweli ni 70 ya Mmarekani na 50 ya Mrusi. Tarakimu 4 inayofuata ni jibu la suali lile la baridi: mshono wake utastahimili pigo la jouli 47 katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na herufi B yaonyesha kwamba ganda lake ni la aina inayotaka kutunzwa pakavu kama ile ya E7018.

Natija ya hayo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mchoro ukitaka E 42 ya Ulaya, na mnunuzi dukani akaridhika na J422 kwa kuwa ameiona 42, kazi itafanyika, mshono utang'aa, na mwenye mali atalipa. Lakini mshono huo utakuwa na upungufu wa nguvu wa karibu sehemu moja katika sita, na juu ya baridi na mapigo hautakuwa umedhaminiwa kwa kiasi kilichotakiwa. Katika dirisha la nyumba upungufu huo hauna madhara. Katika tangi la gesi, au katika mkono wa winchi, una madhara.

Milimita sita za nani?

Mfano wa pili ni wa vipimo vya mshono wenyewe, na hapa namba na kizio vyote viwili ni kimoja, wala hakuna wa kulaumu ratili au inchi. Bamba likisimamishwa juu ya bamba jingine hufanya pembe, na fundi huijaza pembe hiyo kwa chuma. Mshono ukikatwa kwa msumeno ili utazamwe upande, huonekana una umbo la pembe tatu kama sambusa. Umbo hilo laweza kupimwa kwa namna mbili. Waweza kupima ubavu wake, yaani urefu wa sehemu iliyolala juu ya bamba; au waweza kupima kina chake, yaani umbali kutoka katika pembe ya ndani hata usoni pa mshono. Wamarekani huandika ubavu, na Waingereza waliurithisha mtindo huo katika nchi nyingi walizozitawala. Wajerumani na majirani zao wamezoea kuandika kina.

Basi mhandisi akiandika milimita 6 kwa maana ya kina, ubavu wa mshono huo utakuwa milimita 8 na nusu. Fundi akizisoma milimita 6 kwa maana ya ubavu, kina chake kitakuwa milimita 4 na robo tu. Na kwa kuwa eneo la pembe tatu hukua kwa mraba wa ubavu, mshono wa kwanza una chuma mara mbili ya mshono wa pili. Kwa upande mmoja kazi itakuwa dhaifu, na kwa upande mwingine, akikosea kinyume chake, mwenye kazi atakuwa ametumia rodi, umeme na saa maradufu, na mabamba yatakuwa yamejipinda kwa joto lisilohitajiwa. Dawa ya jambo hili ni herufi moja: kanuni ya kimataifa ISO 2553 yaagiza, katika mtindo wake wa Ulaya, kwamba kabla ya namba itiwe herufi a ikiwa ni kina, au z ikiwa ni ubavu. Mchoro usio na herufi hizo, wala jina la kanuni iliyofuatwa, ni wajibu wa fundi kuurudisha kwa mwenyewe na kuuliza, na kuuliza huko hakumpunguzii fundi heshima yake hata chembe.

Kadhalika na upande wa kulehemu. Katika mchoro wa Kimarekani mshale huelekezwa kwenye kiungo, na alama ikiwa chini ya mstari wa mshale maana yake lehemu upande ule mshale unaogusa, na ikiwa juu, lehemu upande wa pili. Katika mtindo wa Ulaya ipo mistari miwili, mmoja mzima na mmoja wa vipande vipande. Alama ikikaa katika mstari mzima ni upande wa mshale, ikikaa katika ule wa vipande ni upande wa pili, na juu au chini si hoja. Msomaji wa mtindo mmoja akiusoma mchoro wa mtindo mwingine kwa haraka, aweza kulehemu upande usiotakiwa na kuuacha wazi ule uliotakiwa.

Asidhani mtu kwamba mshono mdogo wa milimita 6 hauna uzito. Tarehe 27 Machi 1980, katika Bahari ya Kaskazini, jukwaa kubwa la chuma lielealo, liitwalo Alexander L. Kielland, lililojengwa Ufaransa na kutumika kuwa makazi ya wafanyakazi wa mafuta wa Norway, lilikatika mguu mmoja wakati wa dhoruba na kupinduka, na katika watu 212 waliokuwamo, 123 walifariki. Wachunguzi waliufuata ufa hata mwanzo wake, wakaukuta katika mshono wa milimita 6 uliozunguka kishikilio kidogo cha chombo cha kusikilizia sauti chini ya maji, ambacho hakikubeba mzigo wowote wa haja. Na ndani ya ufa walikuta rangi, ambayo ni ithibati kwamba ufa ulikuwapo kabla jukwaa halijaondoka kiwandani. Msiba huo haukutokana na kuchanganya kanuni za nchi. Umetajwa hapa ili ibainike kwamba hakuna mshono mdogo kiasi cha kutostahili kusomwa vizuri, kufanywa vizuri na kukaguliwa vizuri.

Rangi za mitungi

Mfano wa tatu wagusa roho za watu moja kwa moja, wala hauhitaji hesabu. Katika desturi ya zamani ya Kiingereza, ambayo ilifika pwani yetu pamoja na kampuni za gesi za Kiingereza, mtungi wa oksijeni ulipakwa rangi nyeusi, na ule wa asetilini rangi ya hudhurungi iliyoiva. Ujerumani ya zamani oksijeni ilikuwa buluu, asetilini manjano, na naitrojeni kijani. Marekani oksijeni aghalabu ni kijani, ingawa kwa gesi za viwandani hakuna sheria ya nchi nzima inayolazimisha rangi, na kila muuzaji aweza kuwa na rangi zake. Kisha nchi za Ulaya zikapatana juu ya kanuni mpya, EN 1089-3, ambayo Ujerumani ilikamilisha kuifuata mwaka 2006, nayo yahukumu kwamba mabega ya mtungi, yaani ile sehemu ya juu iliyopinda, yawe meupe kwa oksijeni, hudhurungi kwa asetilini, meusi kwa naitrojeni, na kijani iliyoiva kwa argoni.

Na msomaji azingatie kilichotokea. Weusi, ambao kwa Mwingereza wa zamani ulikuwa dalili ya oksijeni inayolisha moto, juu ya mabega ya mtungi mpya wa Ulaya ni dalili ya naitrojeni inayouzima moto, na inayomzimisha hata mtu aliye ndani ya tangi lisilo na hewa. Kijani kwa Mmarekani ni oksijeni, kwa Mjerumani wa zamani ni naitrojeni, na kwa kanuni mpya ya Ulaya ni argoni. Katika bandari kama Mombasa na Dar es Salaam, ambako meli na shehena hutoka pande zote za dunia, mtungi wa desturi moja waweza kusimama kando ya mtungi wa desturi nyingine. Na mtu mwenye kuchagua gesi kwa rangi peke yake anahatarisha nafsi yake na nafsi za wenziwe. Oksijeni ikitumika mahali pa hewa ya kawaida hugeuza grisi na mafuta yaliyo katika nguo au mashine kuwa kitu cha kulipuka.

Katika mipira nako hali si moja: mpira wa asetilini ni mwekundu Ulaya na Marekani, lakini mpira wa oksijeni ni buluu Ulaya na kijani Marekani. La kushukuriwa ni kwamba pande zote mbili nati za mipira ya gesi ya kuwaka hufungwa kwa kuzungushwa kushoto, na zile za oksijeni kulia, hata mkono wenyewe humzuia fundi kukosea. Na shinikizo la asetilini, gesi ambayo huweza kulipuka yenyewe ikibanwa kupita kiasi, Marekani ina mpaka wa ratili 15 kwa inchi ya mraba, ambazo ni takriban baa 1, na Ulaya huruhusu hata baa 1.5, basi anayesoma geji ya nchi moja kwa mazoea ya nchi nyingine na atazame kwanza kizio kilichoandikwa chini ya mshale wake.

Ipo alama moja, hata hivyo, isiyobadilika. Juu ya lebo ya mtungi huandikwa namba ya Umoja wa Mataifa ya bidhaa za hatari, na namba hizo ni moja ulimwenguni kote: 1072 ni oksijeni iliyobanwa, 1001 ni asetilini, 1006 ni argoni, na 1066 ni naitrojeni. Rangi ni msaada wa kuonea kwa mbali. Lebo ndiyo hukumu, na mtungi usio na lebo haufai kutumiwa, hata kama muuzaji ni mtu wa kuaminika.

Cheti cha fundi

Tofauti hizi hatimaye humfuata fundi mwenyewe. Walehemu wetu siku hizi husafiri. Wako waliokwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba, ambako kazi za mafuta na gesi hufuata sana kanuni za Kimarekani za ASME na API. Na hapa nyumbani bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima nchini Uganda hata Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limewafahamisha vijana wengi kwamba kujua kulehemu ni jambo moja, na kulithibitisha mbele ya mkaguzi wa kimataifa ni jambo la pili.

Mmarekani huutaja mkao wa kazi kwa namba na herufi: 1G imelala, 2G imelazwa ubavu, 3G imesimama, 4G iko juu ya kichwa, na 6G ni bomba lililoinamishwa nyuzi 45, ambalo ndilo mtihani unaoogopwa na kuheshimiwa kuliko yote. Ulaya hutumia herufi: PA, PC, PE, na kwa kazi iliyosimama ina alama mbili, PF ikiwa fundi apanda kutoka chini kwenda juu, na PG ikiwa ashuka. Alama ya 3G peke yake haisemi kama fundi alipanda au alishuka, na jambo hilo huandikwa mahali pengine katika cheti. Kwa hiyo mwenye 3G akiambiwa na mwajiri wa Ulaya aonyeshe PF, inampasa atazame cheti chake chote, asitaje jina la mkao tu.

Muda wa cheti nao hutofautiana. Kwa kanuni ya Kimarekani ya majengo ya chuma, AWS D1.1, sifa ya fundi huendelea bila kikomo maadamu hajaiacha kazi hiyo kwa zaidi ya miezi 6, na pasipotokea sababu ya kuutilia shaka ujuzi wake. Kwa kanuni ISO 9606-1 inapasa kila miezi 6 ithibitishwe kwa saini kwamba fundi bado anafanya kazi ile, na juu ya hayo cheti aghalabu hutakiwa kutiwa upya kwa muda maalumu, ambao kwa kufuata njia iliyochaguliwa waweza kuwa miaka 2 au 3. Kutokana na haya, fundi mwenye akiba ya karatasi zilizotunzwa vizuri, zenye tarehe na saini za kila kazi, ana mali ambayo fundi mwenye mikono hodari lakini asiye na karatasi hana. Na ni dhuluma kwa vijana wetu kufunzwa kushika rodi pasi na kufunzwa kutunza ushahidi wa kazi zao.

Juhudi za kupatanisha

Mataifa hayakukaa kimya juu ya tofauti hizi. Mwaka 1948 vyama vya nchi 13 viliunda Taasisi ya Kimataifa ya Ulehemu, ambayo miongoni mwa kazi zake ilikusanya istilahi za sanaa hii katika lugha nyingi, ili Mfaransa akisema neno, Mjapani ajue ni lipi katika yake. Shirika la viwango la ISO, lililoanza kazi mwaka 1947, nalo lilitia bidii kuunganisha kanuni. Lakini pale ambapo Ulaya na nchi zinazoizunguka Bahari ya Pasifiki zilishindwa kuafikiana, lilitumia busara ya kuziandika kanuni mbili katika kitabu kimoja. Ndivyo ilivyo katika kanuni ya rodi, ISO 2560, tangu toleo la mwaka 2002: mtindo A huhesabu kiasi cha kutorudi pamoja na pigo la jouli 47, na mtindo B huhesabu kiasi cha kukatika pamoja na pigo la jouli 27. Na toleo la 2013 la kanuni ya michoro, ISO 2553, limefuata mwendo huo huo wa A na B.

Wako wanaouona mpango huu kuwa ni kushindwa, kwa hoja kwamba kanuni mbili ndani ya jalada moja bado ni kanuni mbili. Kwa maoni yangu mpango huu una insafu ndani yake. Nyuma ya kila namba pana viwanda vilivyojengwa, mahesabu ya madaraja na meli yaliyokwisha kufanywa, mikataba iliyotiwa saini, na mafundi waliozeeka wakiizoea. Kuifuta kwa siku moja kungezaa makosa mengi kuliko kuiacha. Jambo la lazima ni kwamba kila alama itaje ukoo wake, ajue msomaji ni ya mtindo A au B, ni ya Kimarekani au ya Kichina.

Sisi wa Afrika Mashariki, ambao tunanunua kwa wote na kufanya kazi kwa wote, hatuna anasa ya kuijua kanuni moja tu. Mwanafunzi wa Marekani aweza kumaliza umri wake wote wa kazi asiione alama ya Ulaya, na Mjerumani hivyo hivyo. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi cha VETA nchini Tanzania, au wa chuo cha ufundi cha Kenya au Uganda, atakutana nazo zote kabla ya kutimiza mwaka mmoja kazini. Kwa hiyo ni haki yake afunzwe tangu mwanzo kuzisoma kwa mafungu yake: E6013 na E 42 na J422 ziwekwe mbele yake pamoja, akokotoe mwenyewe ipi ni jamaa ya ipi, achore mshono wa milimita 6 za kina na wa milimita 6 za ubavu, ailehemu yote miwili, aikate na kuipima, na aisome lebo ya mtungi kabla ya kuitazama rangi. Mafunzo hayo hayahitaji mashine ya thamani, ila mwalimu mwenye weledi na vipande vya chuma.

Na wajibu si wa mwanafunzi peke yake. Mhandisi achoraye kazi ya kufanywa hapa kwetu aandike chini ya mchoro jina la kanuni aliyoifuata na mwaka wake; muuza vifaa ajue kwamba rodi mbili zenye tarakimu moja si lazima ziwe sawa, wala asimpe mteja moja mahali pa nyingine bila ya kumwambia; na mwenye mali, anapotaka kujengewa tangi au kufungiwa tela, amwulize fundi ni rodi gani atakayotumia na kwa nini. Suali hilo ni la neno moja au mawili, lakini lina uwezo wa kuwazoeza watu wote walio katika kazi ya chuma, kuanzia mhandisi hata mtumishi wa karakana, kusoma kabla ya kuwasha moto.